Nilipima Shaba, Sikupima Mvuke

Nilitia saini ripoti iliyosema kwamba lupango moja, kiwanja cha mtaa wa Makomeno hapa Lubumbashi, linafaa kwa makazi ya watu. Sikuwa na haki ya kuandika hivyo. Nilikuwa nimepima shaba, kobalti, risasi, zinki na kadimiamu katika udongo wa juu, na kwa upande huo kiwanja kilikuwa kizuri kweli. Lakini pale paliwahi kuwa na gereji yenye tangi la esansi lililozikwa ardhini, nami niliambiwa hivyo kabla sijashika kalamu. Hewa inayokaa kati ya punje za udongo, ambamo mvuke wa mafuta husafiri hadi ndani ya nyumba, sikuigusa. Watu walinunua, wakajenga, wakahamia na watoto wao.

Sitaitaja kampuni iliyonituma, wala wanunuzi. Kampuni iliniuliza swali, na mimi ndiye niliyesomea kazi hii. Nilipaswa kuona kwamba swali lao lilikuwa dogo kuliko jibu walilolitaka.

Mtu aliyekulia Lubumbashi huogopa vumbi kabla ya kuogopa kitu kingine chochote cha ardhini, na ana sababu. Tanuru la kampuni ya madini ya Union Minière lilianza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya Wabelgiji kuanzisha mji kwa jina la Élisabethville. Mumbunda, lile bomba refu la moshi, na mampala, lile lundo jeusi la mabaki ya tanuru, wachoraji wetu wameyachora kwa vizazi na kuyatundika katika sebule za watu. Upepo wa kiangazi hapa hutoka kusini-mashariki. Kwa miongo mingi uliubeba moshi wa tanuru na kuumwaga upande wa kaskazini-magharibi, na ukienda huko Penga Penga utayaona yaliyofuata: miti ilikufa, nyasi zikafa, mvua ikachukua udongo wa juu, ardhi ikabaki uchi. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamehangaika pale kutafuta nyasi zinazovumilia shaba, mojawapo Microchloa altera, ili angalau zifunike ardhi na vumbi lisiruke. Madaktari nao walifanya kazi yao. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu, Benoit Nemery na wenzao walichapisha utafiti uliopima mkojo wa watu wa Katanga, wakakuta kobalti nyingi mno kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini. Mwaka 2018 wakaandika juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na mzigo mkubwa zaidi wakaukuta kwa watoto.

Hiyo ndiyo elimu iliyonilea. Mteja akija na kiwanja chake, anauliza: shaba ngapi? Risasi ngapi? Nami huchukua sepeto, nikachota udongo wa juu hapa na pale, nikatia kwenye mifuko, nikapeleka maabara. Metali zina subira. Ukichota udongo leo na kuupima mwezi ujao, risasi iliyokuwamo bado imo. Mfuko wa kawaida unatosha, jua la njiani haliharibu kitu, na namba inayorudi unaweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Nilizoea namba za namna hiyo. Nilizizoea kiasi kwamba neno "udongo safi" kichwani mwangu likawa na maana ya udongo usio na metali, na nikaacha kulichunguza.

Mvuke hauna subira hiyo. Tangi la chuma likilika kwa kutu, esansi hushuka polepole mpaka ikutane na tabaka la udongo mzito au maji ya ardhini. Sehemu yake hushikamana na udongo, sehemu huyeyuka majini, na sehemu hugeuka gesi na kuanza kupanda kupitia nafasi zilizo wazi. Ndani ya esansi mna benzeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 80 lakini haingoji kuchemka. Hupaa hata kwa joto la kawaida la siku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka benzeni katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na saratani yake ni hasa ile ya damu. Katika gereji za zamani hukosi pia dawa za kuondolea grisi kwenye vyuma. Mojawapo ni trikloroethileni, nayo iliingizwa katika kundi hilohilo mwaka 2012. Udongo huo wa gereji ukiuchota kwa sepeto, ukauacha juani kwenye mfuko uliofungwa ovyo, kilichokuwa hatari ndani yake kimeshakwenda zake kabla gari halijawashwa. Hata kama ningeiomba maabara itafute benzeni katika mifuko yangu, jibu lingekuja zuri, na lingekuwa la uongo.

Ardhi yenyewe hujitahidi kujisafisha, na hili nalisema kwa sababu ndilo nililojifichia baadaye. Wamo bakteria udongoni wanaokula mafuta, mradi wapate oksijeni. Pale ambapo kuna udongo mkavu wa kutosha juu ya uvujaji, wenye kupumua, mvuke wa esansi unaweza kuliwa karibu wote kabla haujafika juu. Dawa za grisi zenye klorini haziliwi kwa urahisi huo, nazo husafiri mbali zaidi. Na hata kwa esansi, ukishamwaga sakafu ya beto juu ya kiwanja umeziba njia ya oksijeni kushuka. Kiwanja kilichokuwa kikijitibu kikiwa wazi kinaweza kuacha kujitibu siku kinapopata nyumba.

Tena nyumba huvuta. Wageni hudhani Kongo yote ni joto, lakini sisi tunajua usiku wa mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi ulivyo. Madirisha hufungwa, mbabula ya makaa huwashwa, watu hukaa pamoja ndani. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu kwenye bati, na nyumba hulipa pengo hilo kwa kuvuta hewa kutoka chini: kwenye ufa wa sakafu, kwenye kona ambapo ukuta hukutana na beto, pembeni ya bomba la choo. Masika nayo yana hila yake. Mvua ikilowesha uwanja wote wa nje, udongo ule hujaa maji na kuzibika, ila chini ya nyumba hubaki pakavu, na gesi iliyokosa njia kule nje huifuata njia iliyobaki. Kwa hiyo nyumba huvuta zaidi kutoka ardhini katika saa zilezile ambazo wenyewe wamejifungia ndani.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Ndiyo maana siliiti kosa langu kutojua.

Zamu, yaani mlinzi, wa kile kiwanja alikuwa mzee aliyekaa pale miaka mingi. Nilipokuwa nachota udongo alinisogelea akaniambia, "Papa, apa kulikuwaka tanki ya esansi. Balifunikaka tu." Nikamwuliza ni wapi hasa. Akanyoosha mkono kuelekea upande mmoja wa kiwanja, kwenye majani marefu. Nikamshukuru. Katika daftari langu la siku ile kuna namba za mifuko, kuna rangi ya udongo, kuna saa. Maneno ya yule mzee hayamo.

Nimejiuliza sana kwa nini sikuyaandika. Kampuni iliihitaji karatasi kabla ya wiki kwisha, kwa ajili ya benki. Kipimo cha mvuke hakikuwa katika bei tuliyokubaliana, na chombo chake sikuwa nacho. Kuyaandika maneno ya zamu kungenilazimu kurudi kwa mteja na kusema kazi haijakwisha, tena itagharimu zaidi, nami nilikuwa mchanga katika biashara na nikaogopa asinitume tena. Nikajiambia kwamba tangi la zamani namna ile litakuwa limeshakuwa tupu. Sikujiuliza kilichokuwa ndani kilikwenda wapi.

Kisha nikaandika ile sentensi: kiwanja kinafaa kwa makazi. Ningeandika kwamba metali katika udongo wa juu hazizidi kiwango, ningekuwa nimesema kweli. Nilifanya kama daktari anayepima malaria, akaikosa, akaandika kwamba mgonjwa ni mzima. Benki iliisoma sentensi ile. Wanunuzi walisomewa. Hakuna aliyesoma kurasa za nyuma ambamo metali zilikuwa zimeorodheshwa, na mimi nilijua kwamba hakuna atakayezisoma.

Nyumba zilikuwa zimeshakaliwa nilipopigiwa simu na mama mmoja. Sauti yake haikuwa na ugomvi. "Papa, ni weye njo ulipima bulongo? Mu chumba ya batoto muko harufu ya mazuti." Nikaenda. Harufu niliisikia nilipovuka mlango wa kile chumba, nyepesi, karibu na sakafu. Niliijua mara moja. Chumba kilikuwa upande uleule ambao mzee alinyooshea mkono.

Nikamwambia ni rangi. Nikamwambia nyumba mpya hunuka, vanishi ya milango hukauka taratibu, afungue madirisha mchana na baada ya muda itaisha. Alinishukuru, akaniletea maji ya kunywa, nikayanywa.

Kati ya yote niliyoyafanya, hilo ndilo ninaloona aibu nalo zaidi kuliko saini. Saini niliitia nikiwa nimegeuza uso. Hapa nilimtazama mama wa watoto machoni nikamdanganya, kwa sababu ningekubali moja ningeulizwa juu ya ripoti zangu zote. Na nilijua kwamba pua huzoea. Anayelala katika harufu siku nyingi huacha kuisikia, ingawa hewa haijabadilika. Alipopiga tena kusema kwamba sasa harufu imepungua kidogo, nilifurahi, nikaipokea kauli hiyo kama kipimo. Watoto wale waliendelea kulala pale kwa sababu ya neno langu.

Kilichonitoa huko ni kisa cha Lekkerkerk, ambacho nilikikuta tena katika makaratasi yangu ya chuo nikitafuta jambo jingine. Lekkerkerk ni kijiji cha Uholanzi, si mbali na Rotterdam. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walijenga mtaa mpya juu ya mitaro iliyofukiwa, na katika kufukia huko yalizikwa mapipa ya taka za viwanda, yenye vimiminika kama tolueni na zaileni. Nyumba zilikuwa nzuri, za familia changa. Vimiminika vile vikapenya kuta za mabomba ya plastiki na kuingia katika maji ya kunywa, na mvuke wake ukaingia chini ya sakafu. Mwaka 1980 zaidi ya familia 250 zilihamishwa, mapipa yakafukuliwa kwa mamia na mamia, na nchi nzima ikashtuka. Miaka mitatu baadaye wakawa na sheria ya kusafisha ardhi. Nilipokuwa mwanafunzi nilikisoma kisa hicho kwa ajili ya mtihani. Safari hii nilisimama kwenye mabomba ya plastiki. Bomba la maji la yule mama lilikuwa la plastiki, nami nilikuwa nimekunywa glasi ya maji yake.

Niliazima kwa rafiki anayefanya kazi mgodini chombo cha mkononi chenye taa ya urujuanimno, kile kinachoonyesha kama hewani mna mvuke wa mafuta au wa dawa za aina hiyo. Nikarudi Makomeno bila kuongopa sababu ya kuja. Juu, katikati ya chumba, namba ilikuwa ndogo. Nikatoboa tundu jembamba kwenye sakafu, kona ya ukuta wa nje, nikaingiza mrija, na namba ikapanda kwa namna isiyohitaji kubishaniwa. Mume wake alikuwapo, na kaka yake mkubwa aliitwa. Nikawaeleza yote: tangi, zamu, ripoti, na ile habari ya rangi. Yule mama hakusema neno. Mume aliniuliza kitu kimoja tu, watoto walale wapi usiku wa leo. Walikwenda kwa bibi yao.

Chombo kile cha mkononi hupiga kelele lakini hakitaji jina la kinachokipigisha kelele, kwa hiyo kazi ya kweli ndiyo kwanza ilianza, na safari hii niliifanya kama nilivyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Naieleza kwa kirefu, kwa kuwa mtu anayenunua lupango leo ana haki ya kumwuliza mpimaji wake kama ameifanya.

Kwanza ni kusikiliza. Zamu, majirani wa zamani, mafundi waliostaafu, ramani na picha za zamani: palikuwa na nini hapa, gari lilitengenezwa wapi, mafuta machafu yalimwagwa wapi. Kipimo chochote kinachotangulia mazungumzo hayo kinapima kwa kubahatisha. Kisha unatoboa ardhi, kwa kawaida mita moja na nusu au zaidi, maana karibu sana na juu hewa ya nje huchanganyika na kukupotosha. Unashusha mrija mwembamba, unauzungushia mchanga kwenye ncha, na juu ya mchanga unaziba kwa bentonaiti, ule udongo mnata unaovimba ukilowa. Unaacha ardhi itulie. Unaondoa kwanza hewa iliyosimama ndani ya mrija. Unahakikisha kizibo hakivuji, kwa kuachia heliamu juu yake na kutazama kama itatokea ndani ya mrija. Ikitokea, unavuta hewa ya uwanjani na kuiita hewa ya ardhini. Ndipo unavuta polepole, chini ya mililita 200 kwa dakika, kuingiza katika mtungi wa chuma uliotolewa hewa au katika kijirija chenye makaa maalumu yanayonasa mvuke. Hufanyi kazi hii mara baada ya mvua kubwa. Na hufanyi mara moja ukaondoka, kwa kuwa ardhi ya kiangazi na ardhi ya masika hazitoi jibu moja. Kama nyumba ipo tayari, unapima chini ya sakafu na ndani ya chumba kwa siku moja. Shirika la mazingira la Marekani, katika mwongozo wake wa 2015, huchukulia kwa tahadhari kwamba mvuke ndani ya nyumba unaweza kufikia sehemu 3 kati ya 100 za ule ulio chini ya sakafu. Zinaonekana chache mpaka ukumbuke kwamba mtoto anazivuta usiku kucha.

Mitungi ilipelekwa nje ya nchi. Majibu yalirudi na benzeni ndani yake. Tangi lilipatikana hatua chache kutoka ukuta wa kile chumba, limeliwa na kutu upande wa chini. Kampuni ililipa gharama za kuling'oa pamoja na udongo uliolowa, na bomba la maji likabadilishwa kwa la chuma. Chini ya sakafu tuliingiza bomba lenye matundu, likapandishwa hadi juu ya paa na kufungwa feni ndogo, ili gesi inyonywe kabla haijaamua kuingia ndani. Umeme ukikatika, na sote tunajua unavyokatika, bomba lenyewe bado hupumua kiasi. Ingefanywa kabla ya msingi, ingekuwa kazi ndogo: tabaka la kokoto, bomba, na turubai nene la plastiki lililounganishwa vizuri chini ya beto. Baada ya nyumba kusimama tulivunja sakafu ya watu wanaoishi humo.

Watoto wamerudi. Vipimo vya ndani vimeshuka, naendelea kuvirudia kila msimu, na kila jibu namkabidhi mama yule mkononi, si kampuni. Ananipokea. Hanipi tena maji, na sina la kudai.

Mji wetu unajaa. Viwanja vilivyokaa wazi tangu zamani, gereji zilizokufa, maghala ya kando ya reli, nyuma ya pompe za esansi zilizofungwa, vyote vinagawanywa na kuuzwa, kwa sababu watu wanahitaji mahali pa kulala, na nani atawalaumu. Sertifika ya ardhi inamwambia mnunuzi nani mwenye ardhi, haimwambii kilichomo chini yake. Sheria ya mwaka 2011 ya kulinda mazingira ipo, inadai miradi mikubwa ichunguzwe kabla ya kuanza, lakini familia inayonunua lupango moja kwa akiba ya maisha haiji na mradi. Inakuja na imani kwa yule aliyetia saini. Wapimaji wenzangu wananiambia nisiwatishe watu, kwamba tukianza kudai vipimo vya mvuke hakuna atakayejenga. Mimi sidai kila kiwanja kitobolewe. Nadai pale ambapo mzee mmoja amesema palikuwa na tangi, maneno yake yaingie kwenye ripoti, na neno "makazi" lisiandikwe mpaka yamejibiwa.

Nimezitoa ripoti zangu zote za zamani kabatini. Kila mwenye ripoti yenye sentensi ile nimemwandikia kwamba nilipima metali tu, kwamba sikupima mvuke, na kwamba aniambie nini kilikuwapo pale zamani. Baadhi wamejibu kwa hasira, na wana haki. Wawili wamejibu kwamba palikuwa na gereji. Mmoja wao ameshauza, na mnunuzi ameanza kuchimba msingi. Anwani ninayo. Nakwenda kesho asubuhi, kabla beto haijamwagwa.